Kitufe cha Dharura na Mfumo wa Kumtambua Mfanyakazi Alipo Ndani ya Hoteli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wahudumu wa vyumba, wasimamizi wa zamu, walinzi na wenye hoteli za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria kila inapozungumzwa habari ya kufunga vitufe vya dharura. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye mazingira yasiyo ya kawaida. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mfumo huu ni nini hasa?

Ni mpangilio wa vifaa unaomwezesha mfanyakazi aliye peke yake ndani ya jengo kuomba msaada kwa kubonyeza kitufe kimoja, na papo hapo kuwaonyesha wanaokuja kumsaidia mahali alipo. Kitufe chenyewe huvaliwa shingoni pamoja na kitambulisho au hubanwa kwenye sare. Vyumbani, koridoni, kwenye ngazi na dobi hubandikwa bikoni, yaani vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ambavyo kila kimoja kina namba yake. Vipokezi vilivyounganishwa na mtandao wa hoteli hupokea ombi la kitufe, na programu hulipeleka kwenye simu au redio za walinzi na msimamizi wa zamu, ikitaja jina la aliyebonyeza, ghorofa na chumba.

Kuna jambo moja ambalo hakuna muuzaji anayelileta pamoja na vifaa, nalo ni mtu wa kuja mbio. Hoteli isiyo na mtu huyo haijanunua usalama, hata kama vifaa vyake ni vya bei kubwa kuliko vyote (tazama swali la 15).

2. Kwa nini wahudumu wa vyumba ndio wanaotajwa zaidi?

Mhudumu wa vyumba hufanya kazi peke yake, nyuma ya mlango, ndani ya chumba ambacho mgeni amekilipia na anakiona kuwa ni chake. Sauti haifiki mbali, kwa kuwa mapazia mazito, zulia na televisheni ya chumba cha jirani huimeza. Mwaka 2016 chama cha wafanyakazi cha UNITE HERE Local 1 cha Chicago kiliwahoji wanawake wapatao 500 wa hoteli na kasino za eneo hilo, na asilimia 58 ya waliofanya kazi hotelini walisema wamewahi kudhalilishwa kingono na mgeni. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Seattle walipitisha takwa la kuwapa wahudumu vitufe. Chicago ilifuata Oktoba 2017 kwa sheria ndogo iliyozitaka hoteli ziwe na vitufe kufikia Julai 1, 2018. Na mwaka 2019 New Jersey ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuliweka jambo hilo katika sheria ya jimbo, kwa hoteli zenye vyumba 100 au zaidi.

Jambo hili si la Marekani pekee. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi Juni 21, 2019, na Pendekezo Na. 206 linaloambatana nao linataja kazi za usiku, kazi za mtu kuwa peke yake na huduma za hoteli miongoni mwa mazingira yenye hatari zaidi. Mhudumu wa usiku katika hoteli ya Mwanza amebeba hali zote tatu kwa pamoja.

Kitufe hakimfai mhudumu wa vyumba peke yake. Aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga, aliyezidiwa na mvuke wa dawa za kusafishia, fundi aliyepigwa na umeme juu ya dari na mpokea wageni anayekabiliwa na mlevi saa 9 usiku wote wanakihitaji.

3. Je, simu ya mkononi haitoshi?

Haitoshi. Hoteli nyingi huwataka wahudumu waache simu kwenye makabati kabla ya kuanza kazi. Hata mwenye simu mfukoni anapaswa kuitoa, kuifungua, kutafuta namba, kusubiri ipokelewe na kueleza alipo huku anayemtishia akimwona na kumsikia. Kitufe hubonyezwa bila kutazamwa na bila neno kusemwa. Zaidi ya hayo, simu haiwezi kueleza kwa uhakika chumba ilichomo, kwa sababu inayoelezwa katika swali la 4.

4. Mbona GPS ya simu hunionyesha nilipo mjini, lakini ndani ya jengo hukosea?

Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu mno. Mahali pa wazi, kama ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, simu hupokea mawimbi ya setilaiti nyingi kwa wakati mmoja na kukadiria ilipo kwa tofauti ya mita chache. Ndani ya jengo, zege lenye nondo na paa la bati huyazuia, na yale machache yanayopenya dirishani huwa yamegonga kuta kadhaa njiani. Hata kama yangepenya, kosa la mita tano linatosha kumpeleka mlinzi kwenye chumba cha jirani, au kwenye ghorofa nyingine kabisa.

## Namna teknolojia inavyofanya kazi

5. Basi mfumo unakijuaje chumba nilichomo?

Katika mifumo iliyoenea zaidi, bikoni hurusha mawimbi ya Bluetooth yenye matumizi madogo ya umeme mara kwa mara, kila moja ikitaja namba yake. Kitufe husikiliza na kupima nguvu ya kila wimbi kinalolisikia. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku hukisia umbali wa mtumbwi mwenzake kwa ukali wa mwanga wa karabai. Kitufe nacho hukisia vivyo hivyo, kwamba bikoni inayosikika kwa nguvu zaidi ndiyo iliyo karibu. Kinapobonyezwa, hutuma orodha ya bikoni kilizozisikia, na programu huamua chumba.

Makisio hayo yana mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hufyonza mawimbi haya, hivyo kitufe kilichovaliwa kifuani husikia vizuri kilicho mbele na kwa udhaifu kilicho mgongoni. Kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na milango ya lifti huyarudisha nyuma na kuyatawanya. Kwa sababu hiyo, bikoni moja katikati ya korido ndefu haitoshi kuitwa mfumo wa usalama. Panapohitajika uhakika wa chumba, kila chumba kiwe na bikoni yake, ikibandikwa mahali ambapo fenicha na mikono ya wageni havifiki.

6. Kati ya teknolojia zilizopo, ipi inafaa?

Kwa hoteli nyingi za ukanda huu, ninapendekeza Bluetooth yenye bikoni kila chumba. Vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko vingine vyenye uwezo wa kutaja chumba, betri hudumu, na ufungaji hauhitaji kupasua kuta.

Kutumia Wi-Fi iliyopo huvutia kwa kuwa haidai vifaa vipya vingi, lakini usahihi wake kwa kawaida ni wa mita 5 hadi 15, na hilo ni eneo la vyumba vitatu au vinne. Teknolojia ya UWB hupima muda ambao wimbi hutumia kusafiri badala ya kupima nguvu yake, hivyo hufikia usahihi wa sentimita 10 hadi 30. Hata hivyo huhitaji vipokezi vingi vyenye waya, na gharama yake hupanda haraka. Mifumo ya miale isiyoonekana, ya aina ileile inayotumiwa na rimoti ya televisheni, ina sifa moja njema sana: miale haipenyi ukuta, kwa hiyo mfumo hauchanganyi chumba na jirani yake. Udhaifu wake ni kwamba kitufe kikifunikwa na aproni au kanga, miale haikifikii.

Usahihi unaohitajika ni wa chumba, si wa sentimita. Mlinzi akijua mlango wa kufungua, amejua yote anayohitaji kwa wakati huo.

7. Je, mfumo unaweza kukosea ghorofa?

Ndiyo, na hilo ndilo kosa la hatari zaidi. Chumba cha 204 na cha 304 vimetenganishwa na zege la sentimita chache tu, huku vyumba viwili vya ghorofa moja vikiweza kutenganishwa na kuta tatu. Bikoni ya juu yaweza kusikika vizuri kuliko ya pembeni. Mlinzi anayepelekwa chumba cha jirani atasikia kelele na kurekebisha mwelekeo. Anayepelekwa ghorofa isiyo yake hatasikia chochote, naye atadhani kitufe kimebonyezwa kimakosa.

Dawa ya kwanza ni bikoni kila chumba, pamoja na bikoni za ngazi na lifti. Baadhi ya vitufe vina pia kipimo cha mgandamizo wa hewa. Katika mwinuko wa Mwanza, ambao uso wa ziwa lake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kupanda mita tatu hupunguza mgandamizo kwa takriban hektopaskali 0.3, kiasi ambacho vipimo vya kisasa hukitambua bila shida. Lakini dhoruba ya ziwani inapokuja usiku, mgandamizo hubadilika kwa zaidi ya kiasi hicho ndani ya muda mfupi. Mfumo unaotegemea kipimo hiki unapaswa kuwa na kipimo kingine kisichohama, kilichofungwa mapokezi, ili programu ilinganishe vyote viwili badala ya kudhani kwamba mhudumu amepanda ghorofa kwa sababu tu mvua inakaribia.

8. Hoteli yetu imejengwa juu ya miamba, kwenye mteremko. Je, kuna tofauti?

Kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni ya mawimbi: mwamba wa itale hauyapitishi, na katika hoteli za Capri Point au vilima vya Ilemela hukuta ukuta wa chumba ni mwamba wenyewe, au korido inazunguka jiwe kubwa ambalo wajenzi waliliacha mahali pake. Nyuma ya jiwe hilo huwa pana kimya cha mawimbi, na mchoro wa jengo hauwezi kukionyesha. Fundi atembee na kitufe kila kona, afungue kila stoo, aandike mahali kisiposikika, kisha aongeze kipokezi.

Ya pili ni ya majina. Kwenye mteremko, anayeingia kwa mlango wa barabarani huwa tayari yuko juu ya vyumba vinavyotazama ziwa, na “ghorofa ya kwanza” ya mpokea wageni ni ghorofa ya tatu ya mlinzi wa geti la chini. Ujumbe wa dharura usitumie neno “ghorofa” peke yake, utaje namba ya chumba isiyojirudia popote hotelini, na njia ya kufikia, kwa mfano: “Chumba 17, upande wa ziwa, ngazi za bustanini.”

9. Umeme au intaneti ikikatika, kitufe kinaendelea kufanya kazi?

Kitufe na bikoni hutumia betri, kwa hiyo haviathiriki na umeme wa TANESCO kukatika. Vinavyozimika ni vipokezi, kompyuta ya mfumo na vifaa vya mtandao. Jenereta haiwaki papo hapo, na vifaa vya mtandao vikishazimika huchukua dakika kadhaa kuwaka upya na kuunganishwa. Katika dakika hizo jengo liko gizani na wahudumu wako vyumbani, yaani saa ileile ambayo msaada unahitajika zaidi. Kwa hiyo betri za akiba zenye kujiwasha ni sehemu ya lazima ya mfumo, nazo zijaribiwe kwa kuzima swichi kuu, si kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya boksi. Vifaa hivyo viwekewe pia kinga ya radi, kwa kuwa ukanda wa ziwa una ngurumo nyingi.

Kuhusu intaneti, kanuni ni rahisi: ombi la msaada kutoka chumba cha 12 kwenda kwa mlinzi aliye mita 50 kutoka hapo halipaswi kupitia seva iliyo nchi nyingine. Mfumo uamue kila kitu ndani ya hoteli, na intaneti itumike kwa taarifa za ziada na matengenezo tu.

10. Betri hudumu muda gani?

Betri ya kidonge ya kitufe kinacholala hadi kibonyezwe hudumu mwaka mmoja au zaidi; kinachotuma mahali kilipo muda wote huimaliza mapema zaidi. Mfumo uonye kabla betri haijafa, na kila mhudumu ajaribu kitufe chake mwanzoni mwa zamu.

11. Vipi kuhusu bustani, gati na mabanda yaliyo ufukweni?

Hapo GPS hufanya kazi vizuri, na baadhi ya vitufe hubadilisha njia vyenyewe mtu anapotoka nje ya jengo. Tatizo la nje ni kufikisha ujumbe, kwa kuwa Wi-Fi haifiki gatini. Mifumo ya redio ya masafa marefu, kama LoRa, hufikisha ujumbe mfupi mamia ya mita kwa umeme kidogo. Kwa mhudumu anayepeleka chakula kwenye banda la mwisho usiku, taa za njiani na mlinzi anayezunguka ni muhimu sawa na kitufe.

## Faragha na haki za mfanyakazi

12. Je, meneja ataona kila ninapokwenda, hata chooni?

Inategemea namna mfumo ulivyopangwa, na hili ni swali ambalo mfanyakazi ana haki ya kulijibiwa kwa maandishi kabla hajavaa kitufe. Kuna mifumo ambayo kitufe hulala kabisa hadi kibonyezwe, na hapo ndipo mahali alipo mtu hujulikana kwa mara ya kwanza. Kuna mingine ambayo hutuma mahali alipo kila sekunde chache, mchana kutwa, na kuhifadhi kila hatua.

Msimamo wangu hauna utata: kwa usalama wa wafanyakazi, aina ya kwanza inatosha. Wanaouza aina ya pili husema kwamba kujua njia aliyopita mtu kabla ya kubonyeza husaidia kumpata mfumo ukikosea. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini inajibika kwa kuongeza bikoni. Kwa upande mwingine, mama anayejua kwamba dakika zake za kukamua maziwa ya mtoto, za kuswali au za kukaa chooni zinahesabiwa, atakiacha kitufe kwenye toroli au atakifunika kwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ili mawimbi yasipite. Kitufe kilichoachwa kwenye toroli hakimwokoi mtu. Kwa hiyo faragha ni sharti la mfumo kufanya kazi.

13. Sheria za Tanzania zinasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na inautambua usiku kuwa ni saa za baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi.

Taarifa za mahali alipo mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihusu hoteli inayozikusanya. Hoteli inapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuwaeleza wafanyakazi inakusanya nini na kwa kusudi gani, kutozitumia kwa kusudi jingine, na kumwonyesha mfanyakazi taarifa zake akiziomba. Endapo seva za muuzaji ziko nje ya nchi, masharti ya kusafirisha taarifa nje nayo yanahusika, na hilo liulizwe kabla ya kusaini mkataba.

14. Je, kumbukumbu za mfumo zinaweza kutumika kumwadhibu mhudumu mzembe?

Zisitumike. Kusudi lililotangazwa ni usalama, na kulibadilisha kimyakimya ni kuvunja kanuni iliyotajwa katika swali la 13. Ni vyema hoteli na tawi la chama cha wafanyakazi, kwa mfano CHODAWU, wakubaliane kwa maandishi juu ya mambo yafuatayo: nani anaweza kufungua kumbukumbu, kwa tukio gani, zinafutwa baada ya siku ngapi, na kwamba hazitahesabu mapumziko wala kasi ya kutandika vitanda. Mwenye hoteli anayetaka kupima kasi ya kazi atafute njia nyingine na aijadili waziwazi.

## Kuitikia mwito

15. Kitufe kikibonyezwa, nani anapaswa kuja, na kwa muda gani?

Aje mtu aliyetajwa kwa jina kwenye orodha ya zamu, na awepo wa pili iwapo wa kwanza hajathibitisha kupokea ndani ya sekunde thelathini. Lengo linalofaa ni mtu kufika mlangoni ndani ya dakika mbili. Wasiende chini ya wawili kama inawezekana, na mmoja wao awe na ufunguo mkuu au kadi inayofungua kila chumba. Katika mazoezi mengi muda hupotea pale ambapo mlinzi amefika mlangoni na ufunguo uko mapokezi.

Anayefika agonge, ajitambulishe kwa sauti, aingie. Asisubiri kuruhusiwa na mgeni, na asimpigie simu mgeni kumuuliza kama kuna tatizo, kwa kuwa atakayeijibu simu hiyo ni yuleyule anayetishia. Kazi yake ya kwanza ni kumtoa mhudumu chumbani. Maswali na maelezo yasubiri hadi wawe mahali salama.

Hoteli ambayo usiku ina mlinzi mmoja wa geti na mpokea wageni mmoja inapaswa kukubali ukweli kuhusu uwezo wake. Suluhisho ni kuacha kabisa kumpeleka mhudumu peke yake chumbani baada ya saa fulani, au kukubaliana na hoteli jirani na kituo cha polisi kilicho karibu. Mazoezi yafanyike kila zamu, ya usiku ikiwemo, kwa kuwa watu wa usiku ndio husahauliwa.

16. Nikibonyeza kimakosa, je, nitakatwa mshahara?

Usikatwe, wala usikemewe. Mhudumu aliyewahi kukemewa kwa kubonyeza kimakosa atasita siku ya hatari ya kweli. Makosa hupunguzwa kwa muundo wa kitufe: kinachohitaji kubonyezwa mara mbili au kushikiliwa kwa sekunde mbili hakibonyezwi ovyo na shuka au ndoo. Wakati huohuo kisiwe na masharti magumu kiasi cha kumshinda mtu anayetetemeka. Kila mwito uitikiwe kwa miguu hadi mlangoni, hata kama aliyebonyeza amesema redioni kwamba ni kosa, kwani huenda amelazimishwa kusema hivyo.

17. Baada ya shambulio, hatua gani zichukuliwe?

Majeruhi atibiwe. Aliyebakwa au aliyeshukiwa kuambukizwa VVU anapaswa kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Hospitali kama Bugando na Sekou Toure ziko ndani ya jiji, na anayekwenda huko asiende peke yake. Asioge wala kubadili nguo kabla ya uchunguzi. Taarifa ipelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako pia hutolewa fomu ya PF3. Chumba kifungwe bila kusafishwa. Kumbukumbu ya mwito, pamoja na picha za kamera za koridoni, zitengwe mara moja, kwa kuwa kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe.

Uamuzi wa kushitaki ni wa aliyedhulumiwa. Meneja hana mamlaka ya “kuyamaliza” kwa soda na nauli.

18. Na kama mgeni ni mtu mkubwa, au ni mteja wa kudumu?

Utaratibu ni uleule. Hoteli iandike katika masharti yake, na kuyabandika nyuma ya mlango wa kila chumba, kwamba wafanyakazi wana vitufe vya dharura na kwamba anayewadhalilisha ataondolewa. Mhudumu asilazimishwe kurudi kwenye chumba hicho, na asihamishwe zamu kwa namna inayompunguzia kipato.

## Gharama na ununuzi

19. Gesti yenye vyumba kumi na viwili inaweza kumudu jambo hili?

Inaweza, na pengine haihitaji bikoni hata moja. Katika jengo la ghorofa moja ambalo korido yote inaonekana kutoka mapokezi, kinachohitajika ni kujua kwamba msaada umeombwa, kisha kusikiliza. Kitufe cha redio cha kawaida chenye king'ora, kikiwa na namba ya mhudumu, kinatosha. Redio koli husaidia, mradi mhudumu anataja chumba anapoingia na anapotoka.

Kuna pia hatua ambazo hazigharimu kitu: mlango ubaki wazi na toroli lisimame kizingitini wakati wa usafi, chumba kisisafishwe mgeni akiwa ndani, usiku waende wawili, na chumba cha mgeni aliyelalamikiwa kiwekewe alama ili anayefuata ajue. Hoteli kubwa zenye vifaa vya kisasa zinahitaji hatua hizi vilevile.

20. Nimwulize nini muuzaji kabla ya kulipa?

Mwulize iwapo mahali alipo mtu hujulikana kabla ya kubonyeza. Mwulize kinachotokea intaneti ikikatika, nani anamiliki kumbukumbu, nani atabadilisha betri za bikoni mwaka wa tatu, na vifaa vitaendelea kufanya kazi kwa kiasi gani kampuni yake ikifungwa. Vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio viwe vimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), naye aonyeshe uthibitisho.

Kisha dai majaribio ndani ya jengo lako, si ofisini kwake. Chagua wewe mwenyewe mahali pa kubonyezea: bafuni mlango ukiwa umefungwa, ndani ya lifti, stoo ya mashuka, chumba kilicho nyuma ya mwamba. Bonyeza kitufe kikiwa chini ya mwili wa mtu aliyelala kifudifudi, kwa kuwa ndivyo aliyeanguka huwa.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

21. Vibarua na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nao wapewe vitufe?

Ndiyo, tena kabla ya wengine. Mwanafunzi wa chuo aliye katika wiki yake ya kwanza hajui ngazi za nyuma wala majina ya walinzi, na kwa hofu ya kupoteza nafasi hunyamaza zaidi kuliko mwajiriwa. Vitufe vya akiba viwe mapokezi, vigawiwe kwa kusaini, na jina libadilishwe kwenye programu kabla ya zamu kuanza. Ujumbe ukitaja jina la mtu aliyeko likizo, waitikiaji watapuuza.

22. Mfanyakazi kiziwi atajuaje kwamba ombi lake limepokelewa?

Kitufe chake kitikisike ombi linapothibitishwa. Sifa hii inafaa kwa kila mtu, kwani mlio wa uthibitisho humshtua anayetishia.

23. Je, nikimkuta mgeni amezimia chumbani, nibonyeze?

Bonyeza. Anayekuja aje amejiandaa kwa lolote.

24. Watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja?

Mfumo uonyeshe miito yote miwili bila mmoja kuufuta mwingine, na hilo lijaribiwe katika majaribio ya swali la 20. Miito mingi ikitoka ghorofa moja kwa pamoja, chukulia kwamba kuna moto au uvamizi: ita Zimamoto kwa 114 au polisi kwa 112 kabla ya kupanda.

25. Itakuwaje kama anayeninyanyasa ni mlinzi au msimamizi ambaye ujumbe humfikia yeye?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu lililo wazi. Mwito usimfikie mtu mmoja tu kamwe. Uende kwa watu wawili au zaidi wa vitengo tofauti, kwa mfano mlinzi, mapokezi na meneja, na angalau mmoja awe mwanamke. Kumbukumbu isiweze kufutwa na anayeipokea. Mfanyakazi awe pia na mlango mwingine wa kulalamikia ulio nje ya idara yake, iwe ni mwakilishi wa chama, mwenye hoteli mwenyewe au Dawati la Jinsia na Watoto, na asitakiwe kupitia kwa msimamizi wake kuufikia.

26. Kitufe kinanilinda nikitoka kazini saa 6 usiku kuelekea nyumbani?

Hapana. Nje ya geti hakuna vipokezi, na mhudumu anayeelekea Igoma au Nyegezi kwa bodaboda hatakiwi kudhani kwamba kitufe shingoni bado kinasikika. Kiachwe hotelini na kirudishwe kwenye orodha. Usafiri wa zamu za usiku ni jambo linalojitegemea, nalo lijadiliwe na mwajiri kivyake: gari la hoteli, au waendeshaji wanaojulikana kwa majina na namba za pikipiki, huku mapokezi wakiandika saa aliyoondoka kila mmoja na kusubiri ujumbe kwamba amefika.